Asali ya muputu haitaokoa maua ya shaba

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kila yanapotajwa mapori ya miombo yanayoteketea kwa makala, yaani mkaa wa kupikia, jibu moja hurudi: vijana wapewe mizinga ya nyuki. Watetezi wake wanasema mkata makala atapata kipato kingine, na maua ya asili ya Katanga yatalindwa na nyuki wale wale. Sehemu ya kwanza ya hoja naikubali. Ya pili inanitia mashaka makubwa, maana yapo maua hapa petu, ya kwenye vilima vyenye shaba ardhini, ambayo hayaoti kwingine kokote duniani, na asali haiyagusi.

Hoja ya mizinga ina nguvu. Muputu, mti wa miombo, ukikatwa hulipa mara moja tu. Ukisimama, huchanua mwaka hadi mwaka kuanzia Septemba, kabla mvua hazijashika. Mvua zikielekea kuisha, mutondo, mti mwingine wa pori hilo, nao hutoa maua. Mfugaji anapata misimu miwili kwenye pori lile lile. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kumzuia mwenye shoka, na ana sababu ya kuogopa moto wa kiangazi kuliko ofisa yeyote anayekaa mjini.

Kuna pingamizi linaloletwa kutoka Ulaya na Marekani, kwamba nyuki wa asali huwanyima chakula nyuki wengine wa porini. Kwa Marekani pingamizi hilo lina msingi, kwa sababu nyuki huyu alipelekwa huko na walowezi katika karne ya 17. Katanga ni kwao. Alikuwa akitembelea maua ya miombo kabla mtu yeyote hajamtengenezea mzinga. Mizinga mingi ikirundikwa mahali pamoja, bila shaka wengine watabanwa, lakini hilo ni suala la kiasi.

Mimi naona tatizo kwanza kwenye mzinga wenyewe. Mzinga wa kienyeji wa gome hutengenezwa kwa kuvua ganda la mti mzima ungali hai, kuuzunguka shina. Mti hauponi. Wapo pia warina asali wanaoangusha mti ili kufikia tundu moja la nyuki, na mwenge wanaouacha nyuma huwasha nyasi kavu. Asali ya hivyo inapouzwa barabarani kama asali ya pori, mnunuzi hajui kuwa miti imekufa kwa ajili yake. Mizinga ya mbao iliyopigwa ifaavyo, au ya nyasi zilizosukwa, hupunguza hasara hiyo. Mradi unaotoa fedha bila kuuliza mzinga umetokana na nini hauna haki ya kujiita wa uhifadhi.

Lakini hata mzinga bora una mpaka wake. Nyuki wa asali hawezi kuchavusha kila ua. Chukueni Dissotis, ua la zambarau la kwenye madembo, yaani mabonde ya nyasi yenye majimaji: chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo, na hutoka pale tu mdudu anapolitikisa ua kwa mtetemo wa kifua chake. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Wanaouweza ni wengine, wakiwemo wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za nyumba zetu, ambao hakuna anayewapigia mzinga. Maua ya Crotalaria, mmea wa jamii ya kunde, nayo kwa kawaida huhitaji mdudu mzito wa kuyafungua.

Na hapo tunafika kwenye vilima vya shaba. Kwenye udongo wake, ambao ungeua mazao ya bustani, zimeorodheshwa aina zaidi ya 600 za mimea, na kama 30 hivi haziishi nje ya udongo huo. Haumaniastrum katangense, ua la shaba lenyewe, liliwaongoza wanajiolojia kwenye madini. Limeweza hata kuota kwenye ardhi iliyochafuliwa na moshi wa kuyeyushia shaba. Mimea mingine haina bahati hiyo. Crepidorhopalon perennis inajulikana kutoka mahali pamoja tu, mgodi wa Étoile, kandokando ya mji wetu. Mimea hii ni mifupi na michache. Mfugaji nyuki hatakosa hata chupa moja kilima chake kikichimbwa, kwa sababu nyuki wake wanashiba mutondo.

Ndiyo maana sikubali thamani ya ua ipimwe kwa asali. Mizinga ipelekwe kwenye miombo, ambako inaweza kushindana na gunia la makala. Kwa vilima, dawa ni kutenga ardhi kabla tingatinga halijafika, na mbegu kukusanywa mapema. Huko Fungurume, mji wa migodi, wataalamu wamejaribu kuhamishia mimea ya shaba kwenye maeneo mapya. Ni kazi ya heshima, ila udongo wa kilima kizima hauhamishiki.

Kanuni ya madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaitaka kampuni ifanye utafiti wa athari kwa mazingira. Wananchi na wanafunzi wa kilimo wa hapa Lubumbashi tunaweza kudai jambo moja mahususi: utafiti huo utaje mwezi ambao mimea ilihesabiwa. Baadhi ya mimea ya shaba huota na mvua na kufa ndani ya mwaka ule ule. Mtaalamu anayepanda kilima mwezi Agosti atakuta nyasi kavu na mawe, kisha ataandika kwa dhamiri safi kwamba hapakuwa na kitu.