Ile Video ya Maharage

Mlioona video yangu nimepiga magoti dukani kwa Mama, mkasema nimeunguza mizani yake: kwanza, mizani haijaungua. Mshenzi aliyerusha ile video kwenye stetasi yake jana alifika mambo yameshaharibika, na bado ndiye mnayemwamini.

Nilitaka uzito wa gunia utoke kwenye mizani ya Mama, upite kwenye bodi yangu ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kurusha data bila waya), uingie kwenye simu yake. Basi. Nyuma ya mizani kuna soketi ya RS-232, ile ya pini 9 ya kutumiana data kwa waya. Nikapima waya wa kutuma data, mizani imetulia haipimi kitu. Mita ikaandika volti hasi 9.

Nikaitazama mita. Mita ikanitazama. Nikasema nimeshika kinyume, nikageuza nyekundu na nyeusi, ikaandika 9 safi. Nikaridhika! (Mafundi mnaojua, nyamazeni kidogo.) Nikaamua aliyekosea ni kiwanda, nikakisahihisha: GND ya mizani (waya wake wa volti sifuri) nikaipeleka kwenye RX yangu, mguu wa chipu wa kupokea data, waya wa data nikaufanya GND. Kwamba mguu ule unataka volti 3.3 nami naupa 9, wala halikunijia. Nilikuwa nashughulika na alama.

Nikachomeka pawabenki. Taa ikawaka. Ikafifia. Nikagusa chipu kwa kidole, kidole kikarudi chenyewe. Halafu harufu.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua?"

"Hapana Mama, inapasha moto kwanza."

Moshi ukanisaliti palepale. Nikaruka, kiwiko kikapiga debe la maharage, maharage mpaka barazani kwa wateja. Mshenzi anaingia, mimi nimepiga magoti naokota. Salamu hakutoa, simu alitoa.

Kumbe RS-232 ikiwa kimya hukaa upande wa hasi, kati ya hasi 3 na hasi 15, na hiyo ndiyo "1" yake katika ile lugha ya 0 na 1 ya mashine. Hata ningeunga sawasawa, hasi ile ingeingia kwenye mguu wa chipu na kuumaliza. Leo nimerudi na bodi mpya, katikati nimeweka MAX3232, chipu ya kubadilisha volti, rezista ya kilo-omu 1 mbele ya RX ya kubana mkondo, na dayodi ya Schottky (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwenda GND, imeze hasi itakayopenya siku mkono ukiteleza tena. Inasoma vizuri. Mama kalipa, kakata ya maharage.

Na nyie mnaoniuliza inboksi kilo shilingi ngapi, duka si langu.