Msinipe mche, nipeni kazi

Kila mvua zikinyesha, Nairobi huingiwa na homa ya kupanda miti. Novemba 13, 2023 serikali ilitupa hata siku ya mapumziko ili tukapande, lengo likiwa miti bilioni 15 kufikia 2032. Na miti sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hafla: fulana mpya, hotuba, picha, kisha mabasi yanaondoka. Pita hapo Februari jua likiwaka. Mche umekauka kama njiti ya kiberiti, na ukiung'oa unakuta mizizi ingali imefungwa ndani ya karatasi nyeusi ya kitalu. Aliyeupanda hakuambiwa aitoe, na hana kinachomrudisha kuutazama.

Mtu wa mjini hulizoea pori akiwa na kazi nalo, na sauti juu yake.

Msitu wa Karura, humu humu Nairobi, ni ushahidi. Miaka ya tisini, sehemu za msitu ule ziligawiwa watu kujenga. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda miti pale, akapigwa na kundi la wahuni hadi kichwa kikapasuka. Msitu ulinusurika, ila kwa miaka mingi bado ulitisha. Nani angeingia peke yake aporwe? Mambo yaligeuka pale chama cha wakazi, Friends of Karura, kilipoanza kuusimamia kwa ubia na Shirika la Misitu, KFS. Ukazungushiwa ua wa umeme, vijana wa vijiji vya jirani wakaajiriwa ulinzi. Mikaratusi inaondolewa kidogo kidogo, miti ya asili inarudi, na mbega walioletwa kutoka Kipipiri wanarukaruka juu ya vichwa vya waendesha baiskeli.

Mwaka 2025 KFS ilipoagiza malipo ya langoni yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, wakazi walikuja juu. Kuna waliocheka: matajiri wa Muthaiga wanapigania viingilio! Mimi sikucheka. Anayeshika pesa za langoni ndiye anayeamua askari atalipwa lini na ua utatengenezwa lini. Ukimwondolea mwananchi hilo, umembakishia kununua tiketi tu.

Hata hivyo hao wanaocheka wana hoja moja. Karura iko mbali na mfuko wa mtu wa mtaa wa mabanda wa Mathare. Yeye mazingira yake ni Mto Nairobi, mweusi, unaonuka, na baada ya mafuriko ya 2024 aliletewa matingatinga ya kubomoa nyumba, maana anaishi kando ya maji. Ni kweli kwamba kukaa pale ni hatari. Lakini ni yeye anayejua bomba lipi hutapika uchafu usiku. Kule Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda, vijana wa kikundi cha Komb Green waligeuza jaa la ukingoni kuwa bustani, watoto wanacheza palipokuwa na taka. Kazi hiyo wameifanya kwa mikono, mbele ya macho ya kila mtu, na bado watu wa kando ya mto huongelewa kana kwamba wao ndio uchafu wenyewe.

Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kutia saini mkataba wa kusimamia msitu pamoja na serikali. Kingo za mto nazo zipewe mkataba wa namna hiyo, kipande kwa kipande: kikundi, mipaka, miaka, na fungu kwenye bajeti ya kaunti la kuwalipa wanaozoa taka. Ukishatiwa saini, hao wa fulana waje. Wataonyeshwa pa kuchimba, na watauliziwa miche yao mwezi wa pili.