Gesi ya AC Haiishi Kama Petroli

Kuna jambo moja ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza nilipomiliki gari: gesi ya AC haitumiki ikaisha. Petroli inaungua. Pedi za breki zinasagika. Gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana, kondensa inaipoza hadi inakuwa majimaji, kisha inatanuka ndani ya evaporeta, inageuka gesi tena huku ikibeba joto la chumba cha gari, na mzunguko unaanza upya. Ikipungua kiasi cha kushindwa kupoza ndani ya miezi michache, imevuja mahali fulani. Kuiongeza bila kuziba mahali hapo ni kujaza maji kwenye pakacha.

Gari langu lilijazwa gesi mara tatu katika msimu mmoja wa joto. Kila mara ilikuwa vilevile. Boneti inafunguliwa, geji za kupimia presha zinaunganishwa, naambiwa "gesi imeisha, bosi", gesi inaingia, natoka pale naona raha. Wiki tatu baadaye hewa inaanza kuwa vuguvugu, na mwezi ukitimia nimerudi kwenye kushusha vioo, watoto nyuma jasho limewashika na mikanda. Fedha niliyotoa mara hizo tatu ingetosha ukaguzi kamili na spea kadhaa juu yake. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo sababu ninaandika.

Fundi wa nne hakugusa chupa ya gesi. Aliomba maji kidogo, sabuni na brashi ndogo. Akapaka povu kwenye maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, anapaka na kusubiri, bila haraka yoyote. Kwenye kondensa hakuna. Kwenye kompresa hakuna. Alipofika kwenye tundu la kujazia gesi, lile la upande wa presha ndogo, kiputo kimoja kikaanza kuvimba. Kikakua taratibu hadi ukubwa wa punje ya dengu, kikapasuka, na kingine kikachomoza palepale. Akaniuliza, "Kifuniko chake kiko wapi?" Sikuwa na jibu. Ndani ya tundu lile kuna vali ndogo yenye springi na raba. Mtu fulani aliyejaza gesi kabla yake hakurudisha kifuniko, vumbi likaingia, raba ikaharibika. Kifuniko kile watu hukiona kama cha kuzuia uchafu tu, kumbe nacho kina raba yake ndani na kinasaidia kuizuia gesi isitoke. Vali mpya na kifuniko chake ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa katika mfumo mzima wa AC.

Basi msimamo wangu ni huu: kama bajeti yako ni ndogo, fedha ya kwanza iende kwenye kulitafuta tatizo. Gesi ije mwisho. Najua fundi mwingi anapendelea kujaza kwanza, na sisi wateja tunachangia. Ukimlipa mtu kwa saa nzima ya kupaka povu na kumulika tochi, unajiona umelipia hewa. Akikuwekea gesi, unasikia baridi usoni na unatoa pesa kwa moyo mweupe. Tunalipia kile tunachokihisi, kwa hiyo mafundi wanatuuzia hichohicho. Sasa mimi humwambia fundi tangu mwanzo: nitakulipa kazi ya kutafuta hata usipofunga spea yoyote. Maneno hayo yanabadilisha mazungumzo yote.

Lakini kabla hata ya kwenda kwa fundi, kuna mambo unaweza kuyaona mwenyewe bila kutoa senti. Washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti, usimame mbali kidogo na mikanda na feni, kisha sikiliza. Kwenye magari mengi kuna klachi mbele ya kompresa, kifaa kinachoiunganisha na puli inayozungushwa na mkanda. Inaposhika utasikia "tak" moja, na uso wa klachi utaanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika kabisa, usikimbilie kusema kompresa imekufa. Tazama fyuzi. Halafu tazama rilei, ile swichi ndogo ya umeme: mara nyingi ile ya AC inafanana kabisa na nyingine kwenye sanduku lilelile, kama ya honi. Ukiona namba zilizoandikwa juu yake ni zilezile, zibadilishane. AC ikifanya kazi na honi ikanyamaza, umeshampata mkosaji. (Baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyo na klachi ya aina hii, kwa hiyo ukimya peke yake hausemi kitu huko.)

Gesi ikipungua sana, swichi ya presha huizuia kompresa isiwake, kwa sababu oili inayoilainisha inasafiri pamoja na gesi. Ni ulinzi. Nimewahi kuona watu wakiunganisha waya moja kwa moja ili kompresa ilazimike kuzunguka. Naomba usikubali. Kompresa iliyozunguka bila oili ya kutosha inajisaga, na chembe za chuma zinasambaa kwenye mfumo wote. Hapo tatizo dogo limegeuka kuwa gharama inayozidi uwezo wa wengi wetu.

Dalili nyingine zinajieleza zenyewe ukizipa muda. AC inapoza vizuri ukiwa barabarani lakini ukisimama kwenye foleni inakuwa vuguvugu: shuku feni ya kondensa, au kondensa yenyewe iliyozibwa na vumbi, majani na wadudu. Mwendo wa gari ndio uliokuwa unaipulizia hewa. Hapa maji ya bomba ya presha ya kawaida yanatosha. Mashine ya kuoshea yenye nguvu hukunja yale mapezi membamba ya alumini na kuzidisha tatizo. Feni ya ndani inayofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, mara nyingi ni rizista yake, kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole. Hewa inatoka kidogo japo ina baridi: filta ya hewa ya ndani, ambayo kwa magari mengi iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Niliwahi kuichomoa moja kwenye gari la ndugu yangu, ilikuwa nyeusi kama masizi ya jiko na imejaa manyoya ya ndege. Alikuwa ameshaambiwa abadilishe kompresa.

Maji yakionekana kwenye zulia la upande wa abiria, yawezekana bomba la kutolea maji ya evaporeta limeziba. Hilo ni la kuzibua tu.

Kwa anayetafuta panapovuja, macho ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Gesi ikitoka hutoka na oili, na oili hushika vumbi. Kwa hiyo tafuta alama nyeusi yenye unyevunyevu kwenye maungio, kwenye mzingo wa klachi ya kompresa, au kwenye kona ya kondensa iliyopigwa na kokoto. Povu la sabuni husaidia pale ambapo bado kuna presha. Fundi mwenye vifaa ataweka rangi maalumu na kumulika kwa taa yake, au ataingiza naitrojeni na kuangalia kama presha inashuka. Evaporeta iliyo ndani ya dashibodi ndiyo ngumu, kwa sababu hutaiona, na kuifikia mara nyingi ni kufumua dashibodi nzima. Nikiambiwa evaporeta inavuja, huomba nionyeshwe ushahidi kabla sijakubali mtu aanze kufungua.

Ni haki kusema pia kwamba si kila gari lililopungukiwa gesi lina tundu la kutafuta. Mabomba ya raba hupitisha kiasi kidogo sana mwaka hadi mwaka. Gari ambalo halijawahi kuguswa AC kwa miaka kumi na sasa linapoza kwa unyonge, kulijazia mara moja ni jambo la busara kabisa. Tofauti iko kwenye muda: miaka kumi ni uchakavu, wiki tatu ni tundu.

Sasa nije kwenye kubana matumizi pasipofaa, maana hapa ndipo nina maneno mengi.

Mfumo ukishafunguliwa, hewa inaingia, na hewa ina unyevu. Unyevu ukikutana na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Pia unaweza kuganda kuwa barafu kwenye vali ya kutanulia, ile inayoachia majimaji yaingie kwenye evaporeta, na kuziba njia. Kwa hiyo kabla ya gesi kurudi lazima pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa yote, iunganishwe, na iachwe ifanye kazi angalau nusu saa, ili maji yachemke kwa sababu ya presha ndogo na kunyonywa. Kisha pampu inazimwa na sindano ya geji inaangaliwa. Ikipanda, bado kuna pengo. Fundi wangu wa nne alizima pampu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, macho kwenye sindano, dakika ishirini. Wale watatu wa kwanza hawakuwa hata na pampu.

Filta draya nayo, ile chupa ndogo yenye punje za kufyonza unyevu, ibadilishwe kila mfumo unapokaa wazi. Na isiwe ya mtumba hata siku moja, kwa sababu ikishatolewa kwenye gari na kuachwa wazi, imekwishashiba unyevu wa hewa. Feni ya mtumba nitanunua. Rilei nitanunua. Kompresa ya mtumba nitaifikiria iwapo matundu yake yalikuwa yamezibwa tangu itolewe na oili iliyomo ni safi. Oili ikitoka nyeusi na inameta kwa chembe za chuma, iache hapohapo. Na kama oili ya namna hiyo inatoka kwenye gari lako mwenyewe, kompresa mpya peke yake haitadumu: kondensa za kisasa zina vijinjia vyembamba mno visivyosafishika vizuri, hivyo nayo inabidi ibadilishwe pamoja na draya. Kama fedha haitoshi kwa yote, afadhali kusubiri kuliko kufunga kimoja.

Kipimo cha gesi ni gramu. Kwenye magari mengi chini ya boneti kuna karatasi inayotaja aina ya gesi na uzito wake. Magari madogo mengi ni kati ya gramu 400 na 700. Geji peke yake hailisemi hilo. Gari likiwa limezimwa kwenye joto la nyuzi 30, mfumo wa R-134a, aina ya gesi iliyo kwenye magari mengi, utasoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha) ukiwa umejaa, na utasoma hivyohivyo ukiwa na nusu tu, mradi bado kuna majimaji ndani. Kwa hiyo anayekuonyesha sindano ya gari lililozimwa na kusema "imejaa" hajapima kitu. Na gesi ikizidi, ubaridi unapungua vilevile huku kompresa ikielemewa. Mizani ya kuwekea chupa ni kifaa cha kawaida. Uliza kama ipo kabla ya kukubali kazi.

Kuhusu dawa za kuziba matundu zinazouzwa pamoja na gesi: mimi sizitumii. Zinaweza kuganda mahali pasipotakiwa, na fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi ana haki ya kulikataa gari lako akigundua umezitia. Kuweka gesi ya kupikia kwenye mfumo usioundwa kwa ajili yake naliona ni hatari isiyolipika kwa akiba yoyote, kwa kuwa evaporeta iko ndani, mbele ya magoti ya abiria, na gesi ile inawaka. Vilevile usichanganye aina. R-12, gesi ya magari ya zamani, iliachwa kufuatia makubaliano ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni, ikaja R-134a, na magari mapya mengi sasa yanatumia R-1234yf iliyo ghali zaidi. Bei isikushawishi kuweka moja mahali pa nyingine. Na magari ya haiburidi (yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme) yenye kompresa ya umeme yanataka oili yake maalumu isiyopitisha umeme, kwa hiyo hayo mpelekee anayeyajua.

Jambo la usalama: usifungue nati ya bomba la AC mwenyewe kujaribu. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Na kuiachia hewani ni kosa kwa wengine pia, kwani kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Fundi mwenye mashine huivuta, huisafisha na kuirudisha, na kwako pia hiyo ni akiba, maana gesi uliyoilipia inabaki yako.

Siku ile fundi alipomaliza alikata kipande cha utepe wa karatasi, akaandika tarehe na gramu alizoweka, akakibandika kando ya ile karatasi ya kiwandani. Akakaza kifuniko kwa vidole, akanishika mkono na kunielekeza nikiguse, nijue kilipo. Msimu huu ni wa tatu. Wino wa utepe umeanza kufifia, tarehe bado inasomeka, na kila ninapomruhusu mtu kufungua boneti, siondoki hadi nimekigusa kile kifuniko.