Spana za Bati na Mayai 600

Siku niliyokabidhiwa pikipiki mpya pale Kariakoo, muuzaji alifungua kava la pembeni, akachomoa kifuko cheusi cha nailoni, akakipigapiga kiganjani kama mganga anayejiandaa kupiga ramli. "Mzee wangu, vifaa vyako hivi hapa, kamili. Fundi utamsikia redioni." Nikakipokea kwa mikono miwili. Milioni 2 na ushee zilikuwa zimeshatoka mfukoni, hata angenipa jiwe ningelipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Nilikifungua nyumbani, mbele ya familia, mkekani. Spana mbili za mdomo, nyepesi mpaka unajiuliza kama zilikatwa kwenye mabati yaliyobaki kiwandani. Bisibisi moja ya pande mbili: ukichomoa chuma chake na kukigeuza ni ya nyota, ukikirudisha ni bapa. Bomba fupi la kufungulia plagi ya injini, lenye tundu la kupitishia hicho hicho chuma cha bisibisi ili upate pa kushika. Maana yake, ukitaka kufungua plagi, bisibisi huna. Na mwisho kulikuwa na kidude kimoja kimepindwa kama ndoano, ambacho leo ni mwaka wa tatu sijui kinafungua nini. Nimewauliza mafundi wanne. Kila mmoja alinipa jibu lake, na wote walijibu kwa kujiamini.

Kuna na kitabu. Kimeandikwa Kiingereza na Kichina, kina picha za mkono usio na mwenyewe ukishika spana nzuri kuliko zangu. Nilimpa kijana wangu anisomee. Kila ugonjwa wa pikipiki, dawa yake humo ndani ni moja: ipeleke kwa wakala aliye karibu. Karibu na nani? Mimi nilichouliza ni nati.

Basi. Mimi ni mtu wa mayai. Nayachukua Mkuranga, nayaleta Mbagala Rangi Tatu. Trei 20 nyuma ya siti, kila trei mayai 30, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Nikiwa kwenye Barabara ya Kilwa napishana na malori, na moyo wangu wote uko mgongoni, kwenye yale mayai 600. Wiki ya pili tu ya umiliki, nimeshapita Vikindu, nyuma pikipiki ikaanza kucheza kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Nikasimama. Pancha.

Sikushtuka. Nawaambia ukweli, nilifurahi kidogo. Nilitua mayai chini ya mwembe trei kwa trei, nikaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikatandika kifuko changu kwenye majani kama daktari wa upasuaji. Nikachagua spana. Nati ya ekseli ya nyuma ikaitazama, ikaona bado mtoto. Nati ile ni ya milimita 19. Spana yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya 17. Kiwanda kiliifunga nati ya 19 kwa mikono yake chenyewe, kisha kikakaa chini na kunipa ya 17. Huo si usahaulifu, hizo ni dharau.

Nikajaribu kuibana kwa spana mbili, moja huku nyingine huku. Ya kwanza ikapanuka mdomo kama inapiga mwayo. Nikaweka chuma cha bisibisi nipate nguvu, kikapinda. Nusu saa nzima napambana, jasho linatiririka, na watoto waliotoka shule wamejipanga kutazama. Mmoja akaniuliza, "Babu, mayai unauza?" Babu! Mimi sijafika hata 50.

Ndipo ikaja bodaboda. Kijana mwembamba, amevaa koti la baridi saa 8 mchana. Akazima, akanisalimia vizuri, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia kwa unyonge. Akatazama gurudumu, akatazama kifuko, akatazama kile chuma kilichopinda. Akauliza kwa upole, swali ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili:

"Sasa mzee, gurudumu unalifungua la nini?"

Kumbe pancha ya kiraka hailazimishi kutoa gurudumu. Unalibanua tairi upande mmoja, unaivuta tyubu nje pale palipotoboka, unaziba, unairudisha. Nusu saa yangu, spana zangu, heshima yangu mbele ya wanafunzi, vyote nilivitoa sadaka kwa nati ambayo haikuhusika na kesi.

Kijana akainua siti yake. Jamani! Mimi nilinunua pikipiki, yule amejenga karakana akaitilia magurudumu. Akatoa vyuma viwili vya kubanulia tairi, pampu ya mkono, solusheni, vipande vya tyubu vya kukatia viraka na kijipande cha msasa. Nilipochungulia nikaona plagi ya akiba imefungwa kwenye soksi, loki ya kuunganishia ncha za cheni, waya mwembamba, praizi, tyubu ya inchi 18 imekunjwa kama chapati, na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikadhani sabuni ni ya kunawia mikono. Akacheka. Sabuni ni ya tenki: likitoboka na mafuta yakaanza kuvuja, unalisugua pale penye tundu mpaka lizibe, unafika kwa fundi. Waya wa klachi wa akiba alikuwa ameshaulaza kabisa sambamba na ule unaotumika, ili ukikatika mmoja ahamishe tu vichwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwenye boksi la kiwanda. Nikamuuliza kifuko chake cha spana kiko wapi. Akanijibu kilibaki dukani kwa aliyemuuzia pikipiki hapo awali, wala hajawahi kukidai.

Alimaliza kwa muda wa mtu kunywa chai. Pesa alikataa. Akasema, "Nipe trei moja tu mzee, watoto wakale nyumbani." Trei moja! Mayai 30 kwa kiraka cha ukubwa wa kidole gumba. Nikafungua mdomo nibishane, nikakiona kifuko changu pale majanini, nikaufunga.

Tangu siku hiyo nikaapa. Nikaenda mtaa wa Gerezani, nikanunua kimoja kimoja kwa kujinyima: spana ya 19 nzito inayojua kwamba ni chuma, bomba la plagi la 18 lililochomelewa mkono wake kabisa, praizi, viraka, pampu. Nikaongeza na spana malaya, ile isiyochagua nati, ingawa mke wangu amenikataza kuitaja kwa jina mbele ya wageni. Nikafundishwa kusafisha plagi kwa msasa, na kupima mwanya wake kwa upamba wa msumeno wa chuma, kwa kuwa unene wake unakaribia milimita 0.6 na plagi zetu nyingi zinataka 0.6 hadi 0.7. Nikajua hata loki ya cheni mdomo wake hautazami mbele inakokwenda cheni, unatazama nyuma. Nikawa mtu mzima.

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Mtaani kwetu kuna pikipiki kama 15. Mwenye spana ni mimi peke yangu. Alfajiri sijaswali, mlango unagongwa: "Baba Zuhura, hebu ile praizi." Nakula, "Baba Zuhura, pampu mara moja." Hiyo mara moja ya mtaani kwetu huchukua siku 9. Spana yangu ya 14 ilitoka hapa kwenda kwa muuza maji, kwake ikaazimwa na shemeji yake, shemeji akahamia Chanika. Nimesikia iko salama na inafanya kazi. Imetembea kuliko mimi. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiye mwalimu wao wote, yeye anaazima vifaa kwa shughuli ambazo hazina hata uhusiano na injini. Bomba langu la plagi nilishalikuta kwake limechomekwa ardhini, limefungiwa mbuzi.

Nyumbani nako si salama. Bisibisi inafungua ndoo za rangi. Kile kifuko cha kiwandani, nilipokitafuta ili nirudishie angalau heshima yake, nikakikuta kwenye begi la binti yangu wa darasa la 3, kimejaa penseli. Na kusema haki, kwa penseli ni kizuri sana. Zipu haijawahi kugoma.

Jirani huyo mwezi uliopita naye akanunua pikipiki mpya, kama yangu. Akaipitisha mlangoni kwangu mara tatu. Mara ya tatu akasimama, akatoa kifuko cheusi cha nailoni, akakipigapiga kiganjani. "Baba Zuhura, vifaa kamili. Sasa utapumzika na mimi." Nilimwangalia tu. Nikamtakia safari njema.

Jana saa 12 jioni simu ikaita. Yuko Kisemvule, cheni imelegea mpaka inaruka kwenye spoketi, anataka kuivuta nyuma kidogo lakini nati ya ekseli imegoma, na spana ya kwenye kifuko imepanuka mdomo. Sikucheka. Nilikaa kimya tu, nikaisikiliza sauti yake vizuri, kama mtu anayesikiliza taarabu. Kisha ujirani ukanishika, nikamwambia tulia hapo hapo, nakuja na ya 19.

Nikainua siti. Ya 19 haipo. Nikageuza kila kitu, nikamwita mke, nikamwita mtoto, nikapekua hadi kwenye penseli.

Ilikuwa kwake. Aliiazima Jumanne, kaitundika kwenye mlango wa banda lake la kuku, ujifunge wenyewe kwa uzito.