Olweus na Mzozo wa Uonevu wa Mtandaoni

Mwaka 2012 mwanasaikolojia Dan Olweus alichapisha makala iliyouliza kama uonevu wa mtandaoni haujakuzwa kupita kiasi. Wenzake kadhaa walimjia juu. Swali hilo lingetoka kwa mtu mwingine, huenda lingepuuzwa, lakini Olweus, Mswidi aliyefanya kazi Bergen nchini Norway, alikuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza kabisa wa uonevu shuleni tangu miaka ya 1970. Hata mpango wake wa kuuzuia, unaotumika hadi leo, ulizaliwa baada ya wavulana watatu wa Norway kujiua mwaka 1982, vifo vilivyohusishwa na uonevu. Huwezi kusema hakuwajali watoto.

Alikuwa na takwimu mkononi. Kati ya wanafunzi wapatao 450,000 wa Marekani, karibu asilimia 18 walikuwa wakitukanwa na kudhihakiwa ana kwa ana, ilhali walioonewa kwa simu au intaneti hawakufika asilimia 5. Tena, karibu tisa katika kila kumi ya hao wa mtandaoni walikuwa wanaonewa pia kwa njia za kawaida. Mwaka 2017, Andrew Przybylski na Lucy Bowes wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua majibu ya vijana zaidi ya 100,000 wa miaka 15 huko England, na walioonewa mtandaoni peke yake hawakufika hata asilimia 1.

Kwa hili namuunga mkono Olweus bila kusita. Anayemtumia msichana matusi saa tano usiku mara nyingi ni yuleyule anayekaa nyuma yake darasani asubuhi. Mzazi akiipokonya simu, msichana amepoteza marafiki waliokuwa wakimfariji, na mwonevu yuko palepale kwenye dawati lake. Shule inayosema "hayo ni mambo ya mtandao, si yetu" inajivua mzigo ambao ni wake.

Ila kipimo chake kina ufa. Kwa Olweus, uonevu una sifa tatu: nia ya kuumiza, kurudiwa mara kwa mara, na mwonevu kuwa na nguvu kuliko mwonewa. Sasa chukua kundi la WhatsApp la darasa. Mtu mmoja anapiga picha mwenzake akilia, anaigeuza stika, anaituma mara moja tu. Hamtukani tena wala haitumi tena. Lakini kila mzaha unaozuka kundini, stika ile inaibuka, ikitumwa na watu ambao hata hawamjui vizuri mwenye sura hiyo, na wengine wanaipeleka kwenye makundi mengine. Aliyeanzisha alitenda mara moja. Aliyeonewa ameumizwa mara zisizohesabika. Na nguvu hapa haitokani na misuli wala umaarufu. Inatokana na kuwa na picha ambayo mwenzako hana uwezo wa kuifuta.

Mwanasaikolojia wa Uingereza Peter K. Smith aliligusa hilo mapema: kitendo kimoja kikionwa na wengi, sharti la kurudiwa linayumba. Wapo pia wanaokumbusha kwamba zamani mlango wa nyumbani ulikuwa na maana. Ukishaufunga, ulikuwa umewaacha waonevu nje.

Dai lingine la Olweus, kwamba uonevu wa mtandaoni haukuwa ukiongezeka, lilikuwa la kweli kwa takwimu za wakati wake, na sidhani linasimama leo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi na maeneo 44, mengi yakiwa ya Ulaya, ulionyesha kwamba kati ya 2018 na 2022 walioonewa mtandaoni walipanda kutoka asilimia 12 hadi 15 kwa wavulana, na 13 hadi 16 kwa wasichana. Tahadhari lakini: utafiti huo unahesabu hata aliyeonewa mara moja, wakati Olweus alianza kuhesabu kwenye mara mbili au tatu kwa mwezi. Anayeziweka namba hizi bega kwa bega na kutangaza janga anawapotosha wazazi.

Basi fedha na muda viende darasani, kama alivyotaka Olweus: walimu waliofunzwa, kanuni zinazofuatwa, watazamaji wanaofundishwa kutocheka. Hojaji ndizo za kubadilisha. Badala ya kumuuliza kijana ameonewa mara ngapi tu, aulizwe pia ile picha imewafikia watu wangapi, ni nani aliyeombwa aifute, na aliifuta au alikataa.