Paka wa Michenzani

Gari yangu, Escudo, ni ya mwaka 1996, na tangu masika yaishe ilikuwa kila nikikata kona inalia: nyiiii. Fundi wa kwanza akasema mkanda, tukabadilisha mkanda. Wa pili akasema mafuta ya pawa, yale yanayolainisha usukani, yamepungua, tukaongeza. Shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akapaka mafuta ya nazi kila mkono wake ulipofika, gari ikawa inanukia mandazi. Mlio pale pale.

Siku ya harusi ya Bububu nikampakia khalati, na buibui lake jipya na sinia la visheti mapajani. Tulipoingia mzunguko wa Michenzani ndipo usukani ulipopata uwanja, maana pale unakata kona na kona haishi. Nyiiii! Nyiiii! Khalati akanidaka mkono.

"Mwanangu, simama! Umemkanyaga paka!"

"Si paka, khalati, ni usukani."

"Usukani gani unaomlilia mama yake? Simama nakwambia!"

Nikasimama kando. Basi Unguja hii, mtu mzima akishuka garini akipiga kelele "paka, paka masikini wa Mungu," huhitaji kupiga mbiu. Vijana wakamiminika kutoka kwenye yale majumba marefu. Wengine wakalala kifudifudi chini ya gari na tochi za simu. Muuza dagaa akamwaga fungu zima nyuma ya gurudumu, ili majeruhi avutwe na harufu. Mimi nikaamriwa nizungushe usukani, "lakini pole pole, usije ukammalizia."

Nyiiii.

"Huyo! Nimemsikia!" akapaza sauti khalati, ambaye alishajirudia kitini kulinda visheti.

"Mbona sisi huku hatusikii kitu?" wakajibu wa chini.

Mzee mmoja, mikono imekolea oili, akaweka chini kikombe chake cha kahawa akaja.

"Zima injini. Haya, zungusha."

Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Nyiiii.

"Injini imelala na bado analia. Basi mkanda haumo, wala pampu. Halafu nje hasikiki, ndani anasikika." Akaingiza kichwa miguuni pangu, pale fimbo ya usukani inapopenya kwenda upande wa injini, akauchukua mkono wangu akaubandika kwenye mpira unaoziba lile tundu. Ulikuwa mkavu, umejaa vumbi, na fimbo ikizunguka unatetemeka vidoleni. "Paka wako huyu."

Kijana wa vespa akatumwa duka la spea kuleta grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida, alisema mzee, huuharibu mpira. "Na nazi..." akanusa, "nazi pikieni wali." Akafuta vumbi kwa kitambaa, akapaka kidogo kwa kidole kuizunguka fimbo yote. Nikakata kushoto mpaka mwisho, nikakata kulia mpaka mwisho. Kimya.

"Ameshakufa," akasema khalati, na machozi yakamlenga.

"Nyau!"

Nyuma ya gurudumu alikuwepo paka kweli, mnene, anajilamba masharubu. Hakubakisha hata kichwa cha dagaa. Khalati akapiga vigelegele, umati ukaitikia, mzee akarudi kwenye kahawa yake na senti yangu hakuitaka. Aliyeng'ang'ania mlango wa gari ni muuza dagaa.