Nyimbo za bure zimeisaidia au zimeiumiza hip hop ya andagraundi?

Ukimuuliza shabiki wa hip hop ya andagraundi, ile iliyo nje ya soko kubwa, wa Dar es Salaam au Nairobi alikutana wapi na mchanaji (rapa) anayempenda, mara chache atakutajia redio. Atakuambia alimwona kwenye shoo yenye watu wachache, au kuna jamaa alimrushia wimbo kwa blututhi, au aliukuta kwenye blogu akaupakua bila kulipa chochote. Mashabiki huzitaja njia hizi, jukwaa na upakuaji wa bure, kana kwamba ni kitu kimoja: mbili dhidi ya redio. Mimi naona zinavutana. Mara nyingi moja imeishi kwa jasho la nyingine, na pengo lililobaki katikati amelijaza msanii kwa mfuko wake.

Redio nayo tuitendee haki kwanza. Tanzania ilikuwa na redio ya serikali peke yake hadi sheria ya utangazaji ya 1993. Radio One ikaingia hewani 1994, Clouds FM ikafuata miaka michache baadaye, na bila vituo hivyo Mr. II (Sugu) au Professor Jay wa Hard Blasters wasingesikika Songea na Kigoma kwa kasi ile. Lakini mlango uleule ukawa mwembamba. Wimbo wa mistari mitupu usio na kiitikio cha kuimbika, au unaomtaja kiongozi kwa jina, haukuwa na nafasi kati ya tangazo la sabuni na tangazo la simu. Kisha kuna malalamiko yasiyokwisha ya hongo ili wimbo upigwe. Mwaka 2011 Sugu, akiwa tayari mbunge wa Mbeya Mjini, aliungana na wachanaji waliojiita Vinega wakatoa miksitepu (mkusanyiko wa nyimbo) ya Anti-Virus, wakikishambulia kituo kikubwa cha redio kwa madai ya kuwashika wasanii shingo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu ugomvi ule. Ninachokichukua hapa ni kwamba hata nyota mwenye kiti bungeni alipotaka kusema jambo ambalo redio isingelipiga, alirudi kwenye jukwaa na kwenye nyimbo zinazosambazwa mkono kwa mkono.

Wala hakubuni kitu. Hip hop ilikuwa shoo kabla ya kuwa bidhaa. Kool Herc alipiga muziki pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, tarehe 11 Agosti 1973, wasichana wakilipa senti 25 na wavulana senti 50. Rekodi iliyoipeleka rap sokoni duniani ilikuja 1979. Kwa miaka sita hiyo katikati, aliyetaka kusikia alienda mwenyewe au alitafuta kaseti iliyorekodiwa ukumbini na kunakiliwa kwa rafiki. Dar es Salaam nayo ilianza hivyohivyo: Saleh Jabir aliyageuza mashairi ya Marekani kuwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mashindano ya Yo! Rap Bonanza yakawapa vijana maiki wakati ambapo kurekodi studio ilikuwa ndoto.

Sasa tuje kwenye upakuaji. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na bei ya intaneti ikaanza kushuka hadi mtu wa kawaida akaweza kununua bando. Simu za bei nafuu zenye memori kadi zikajaa Kariakoo na River Road. Hapo ndipo blogu za muziki zilipochukua kazi ya mtangazaji: picha ya msanii, aya mbili za sifa, kiungo cha kupakulia. Nani alifaidika zaidi na utaratibu huo? Nadhani ni msikilizaji aliyekuwa mbali. Kijana wa Tabora, mwanafunzi aliyerudi likizo Moshi, Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis, wote waliipata kazi ya Nikki Mbishi, One the Incredible na wenzao wa kundi la Tamaduni Muzik bila kusubiri mtangazaji aamke vizuri. Asiyekuwa na bando alikwenda kwenye kibanda cha kuchoma nyimbo, akalipa hela kidogo, akajaziwa kadi nzima.

Hela ile ya kibandani haikumfikia mchanaji. Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoanzia, na ni nzito kuliko mashabiki wanavyopenda kukiri. Mwenye kibanda alilipwa. Kampuni ya simu ililipwa kwa bando. Mwenye blogu aliweka matangazo pembeni. Katika mnyororo mzima aliyetoa bure ni mmoja tu, yule aliyeandika mistari. Tena hakujua nani amepakua. Idadi ya upakuaji ilionekana kwenye tovuti ya kuhifadhia mafaili, lakini idadi haikumwambia kama wasikilizaji wake wako Temeke au Tanga, kwa hiyo hakuweza hata kupanga shoo awafuate.

Watetezi wa bure hujibu kwamba huwezi kupoteza usichokuwa nacho, na kuna ukweli ndani yake. Kabla ya viungo vya bure, soko la kanda na CD Tanzania lilikuwa mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Msanii aliyebahatika alipewa kitita cha mara moja, akakabidhi kazi yake, na hakuwa na njia ya kuhesabu nakala ngapi zimeuzwa. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa 1999 na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikaundwa, stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye CD mwaka 2013, lakini mchanaji wa andagraundi hakuwa hata kwenye foleni ya wasambazaji hao. Msambazaji hakumtaka. Kwake yeye, kutoa bure hakukumnyang'anya mauzo.

Kulichomnyang'anya ni bei. Msikilizaji aliyezoea kwa miaka kwamba mistari hii haina gharama hubaki na mazoea hayo hata siku mchanaji anapoleta albamu yenye kava na jina la prodyuza. Ataisifia mtandaoni, atamwita mfalme, kisha atauliza kiungo kiko wapi.

Pia tusiwachanganye watu. Kuna andagraundi ambaye ni chipukizi tu, anatafuta kutoka, na wimbo wa bure kwake ni promo ya kawaida: akishapata jina ataacha. Kuna andagraundi mwingine aliyechagua kubaki huko kwa sababu ya anachokisema na namna anavyokisema. Huyu hana siku ya kutoka. Akitoa bure leo, atatoa bure mwakani, maana hakuna hatua ya pili inayomsubiri. Ushauri wa "toa bure ujulikane" ulitungwa kwa ajili ya wa kwanza, na umemgharimu sana wa pili.

Kila mjadala huu ukiwaka, lazima mtu amlete Chance the Rapper wa Chicago, na mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyika. Alianza akiwa kijana kwenye maiki ya wazi katika maktaba ya jiji, akatoa 10 Day mwaka 2012 na Acid Rap mwaka 2013 bila kuuza, na mwaka 2017 akachukua Grammy tatu, moja ikiwa ya albamu bora ya rap kwa Coloring Book, ambayo haikuuzwa dukani. Ushahidi mtamu. Lakini mwaka huohuo alieleza mwenyewe kwamba Apple ilimlipa dola 500,000 ili Coloring Book ikae kwao peke yao kwa wiki mbili. Msikilizaji hakulipa, lakini kuna aliyelipa. Zaidi ya hapo, Marekani ina kumbi za watu mia tatu au mia tano katika kila mji wa maana, zenye spika zake na kalenda ya mwaka mzima, na msanii mwenye fulana za kuuza anaweza kuzunguka miezi miwili na kurudi na hela. Bure ya Chance ilikaa juu ya jukwaa lililokuwa limeshajengwa. Sisi tuliichukua bure, jukwaa tukaliacha.

Maana shoo ya andagraundi kwetu ni hesabu ngumu. Chukua mfano: watu 120, kiingilio shilingi 5,000, jumla 600,000. Toa ukumbi, vyombo, kibali, ulinzi, nauli ya mchanaji wa kutoka Arusha na chakula chake. Kikibaki kitu, wachanaji wanane wanagawana, na wawili kati yao walikuja na marafiki walioingia bila kulipa. Ndiyo sababu shoo nyingi nzuri zimefanyika kwenye uwanja wa mtu mwingine: Goethe-Institut ya Wajerumani, Alliance Française ya Wafaransa, Nafasi Art Space kule Mikocheni. Nairobi ilikuwa na WAPI, maiki ya wazi iliyoanzishwa na British Council mwaka 2006, kiingilio bure. Octopizzo wa Kibera ni miongoni mwa waliopata kuonekana pale. Mradi ulipokwisha, jukwaa likaenda nao. Kwa hiyo anayelalamika kwamba upakuaji wa bure unawategemea wenye blogu akumbuke kwamba shoo ya bure nayo ilimtegemea mfadhili, na mfadhili ana bajeti yake na bosi wake.

Hata hivyo, kuna kazi moja ambayo jukwaa pekee linaifanya. Studio inaficha pumzi. Mchanaji anaweza kurekodi ubeti kwa vipande, mstari kwa mstari, na ukasikika kama umetoka kwa mkupuo. Mbele ya watu, mkosa pumzi anajulikana ubeti wa pili, na anayechana mitindo huru (kutunga papo hapo) kwa mistari ya kukariri anakamatwa na mtu wa safu ya mbele aliyeisikia wiki iliyopita. Pale ndipo shabiki anapojifunza kusikiliza. Anaona ni punchi gani (mstari wa kushtua) iliwatoa watu kwenye viti na ipi ilianguka, anawasikia waliomtangulia wakibishana mlangoni kuhusu nani alimzidi nani. Miaka ya makundi ya Kalamashaka na baadaye Ukoo Flani Mau Mau, mtaa wa Dandora jijini Nairobi haukujulikana kama chimbuko la hip hop kwa sababu ya ubora wa rekodi. Ulijulikana kwa sababu kulikuwa na watu wengi mahali pamoja wanaosikilizana na kurekebishana.

Lakini ni watu gani? Hili wapenda shoo, nami nikiwemo, hatupendi kuliongelea. Shoo nyingi huanza usiku, ndani ya baa au jirani yake, na kumalizika wakati daladala na matatu zimeshapungua. Msichana wa miaka 18 anayeandika mistari yake kwenye daftari hana ruhusa ya kufika, na akifika huenda akawa mwanamke pekee kwenye duara. Mwenye ulemavu wa miguu hakupangiwa njia. Mtu wa Mpanda hayumo kabisa. Kiungo cha bure hakikumwuliza yeyote kati ya hao anatoka wapi wala atarudi saa ngapi. Kama tunahesabu nani aliingizwa kwenye utamaduni huu, si nani alilipwa, upakuaji unashinda kwa mbali.

Unashinda pia pale dola inapokasirika, ingawa si daima. Machi 2017 Nay wa Mitego, ambaye si andagraundi, alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo" na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia. Siku iliyofuata Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wakati wakubwa wakiamua, wimbo ulikuwa umeshasambaa kwenye simu za watu. Shoo isingefua dafu: inahitaji kibali, na kibali hunyimwa kwa simu moja. Ila mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipa ada ya maombi shilingi 100,000, ya kuanzia 1,000,000 na ya mwaka 1,000,000. Blogu ya nyimbo iliyoendeshwa na kijana mmoja chumbani haikuwa na shilingi milioni mbili na laki moja.

Majukwaa mapya ya mtandaoni yamejaribu kuziba pengo. Mkito ya Dar es Salaam na Mdundo iliyoanzia Nairobi ziliendelea kumpa msikilizaji wimbo bure, zikaweka tangazo ndani yake, na kumgawia msanii sehemu ya mapato. Mdundo ilifika hadi kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020. Ni afadhali kuliko kibanda. Lakini mapato ya matangazo hufuata wingi, na mchanaji mwenye wasikilizaji elfu mbili waaminifu atabaki akipata hela ya vocha.

Ndiyo maana msimamo wangu unaegemea upande wa kutoa bure kwa sharti. Mchanaji anayeshika mlango wa shoo yake, hata shoo ya watu 80, atoe nyimbo bure bila wasiwasi, kwa sababu kila nakala inaweza kumleta mtu mlangoni. Asiye na shoo, na anayesubiri kualikwa kwenye tamasha la mwingine, asikubali kutoa albamu nzima. Atoe nyimbo mbili, nyingine aziuze kwa mkono na kwa M-Pesa, hata kama wanunuzi ni hamsini. Hamsini wanaolipa wana majina na namba za simu, na ndio atakaowaita siku akipata ukumbi.

Kuna hasara moja inayoziunganisha njia zote mbili. Viungo vingi vya miaka ile leo havifunguki, mafaili yamefutwa, na baadhi ya wachanaji hawana nakala za kazi zao wenyewe kwa sababu zilibaki kwenye kompyuta ya prodyuza iliyokufa. Shoo nazo hazikurekodiwa, au zilirekodiwa kwa simu ya mtu aliyekuwa akiruka. Waandaaji wanaweza kuanza kurekebisha hilo wiki hii: warekodi sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixa, kisha rekodi ya usiku huo wapewe waliolipa kiingilio. Waya upo, kompyuta ipo, na prodyuza kwa kawaida yumo ukumbini tayari.